Mutihani wa macho: namna Waingereza wanavyojitayarisha kwa permi ya pikipiki, na faida yake kwetu



Wengi wametuuliza kama ni kweli kwamba kule Ulaya mutu hawezi kupewa permi ya pikipiki pasipo kufanya mutihani mbele ya ordinatere, na kwamba katika ule mutihani wanamuonyesha filamu za barabara, naye anapaswa kuonyesha wakati hatari inapoanza. Ndiyo, ni kweli, ingawa inchi zote hazifanyi namna moja. Leo tunataka kueleza mutihani wa Uingereza. Uko na nusu mbili. Nusu ya kwanza ni sheria na maulizo, mambo ya kushika kwa kichwa. Nusu ya pili ni ya macho. Ni kwa ajili ya ile ya pili tumekamata kalamu, kwa sababu inaweza kutusaidia sisi hapa hata kama hakuna mutu kati yetu atakayeona London.

Hatuandiki kwa kupendezwa tu na mambo ya mbali. Kila asubuhi tunaona wanafunzi wawili, watatu, nyuma ya motari mumoja, mifuko ya vitabu inaning'inia huku na huku, na simu ya motari imebanwa ndani ya kaske (kama iko na kaske). Na wakati wa konji, wakubwa wa kalasi ya tano na ya sita wanakamata pikipiki ya kaka au ya mujomba, wanabeba watu kusudi wapate feza ya minervali. Hatuwalaumu, minervali haingoji. Lakini ukiwauliza walijifunza wapi, jibu ni moja: "Kaka njo alinionyesha. Siku mbili tu, nikajua." Kaka alionyesha nini? Embreyaje, gesi, freni, vitesi. Yaani alionyesha mashini. Barabara yenyewe, hakuna aliyemuonyesha.

Ile si desturi ya kwetu peke yetu. Mwaka 1981, kule Marekani, mwalimu Harry Hurt na wenzake wa University of Southern California walitoa kitabu kikubwa juu ya aksida za pikipiki. Walikuwa wamechunguza aksida 900 za Los Angeles na kando yake, wakienda palepale zilipotokea. Walikuta kwamba kati ya waendeshaji 100 walioingia katika aksida, 92 walikuwa wamejifunza peke yao au kwa ndugu na rafiki. Tazameni: ni kaka yuleyule! Walikuta tena kwamba pikipiki ikigongana na motokari, karibu mara mbili kwa tatu ni motokari iliyokatia pikipiki njia, na mara nyingi shofere hakuwa ameiona pikipiki hata kidogo. Na tangu jambo lianze kuharibika mpaka kugongana, mwendeshaji alikuwa na wakati usiofika sekunde 2. Tunaomba mushike ile hesabu ya sekunde 2, tutairudilia.

Sasa tuingie katika mutihani.

Kule Uingereza kijana wa miaka 16 anaweza kuanza na kipikipiki kidogo kabisa, na wa miaka 17 na ile ya santimeta kyubu 125. Kwanza anaomba permi ya kujifunzia. Kisha anafanya mafundisho ya lazima, ambayo kwa kawaida ni ya siku moja, yaliyowekwa tangu mwaka 1990. Nyuma ya hayo anaruhusiwa kutembea barabarani na kibao chenye herufi L nyekundu, pasipo kubeba mutu. Akitaka permi ya kweli, lazima apite mutihani wa ordinatere tunaoeleza hapa. Ataulipa paundi 23. Hata mutu mwenye permi ya motokari kwa miaka 20, akitaka pikipiki kwa kawaida anaufanya kama mugeni. Sisi tunaona hiyo ni haki. Kuendesha motokari na kuendesha pikipiki si kazi moja.

Nusu ya kwanza inafanana na jambo ambalo wafinalisti wetu wanalijua vizuri: maulizo ya kuchagua jibu, sawa Examen d'État. Maulizo ni 50, wakati ni dakika 57. Lakini tofauti moja kubwa: ukitaka kupita unapaswa kupata 43 juu ya 50. Fanyeni hesabu, ni asilimia 86. Mutu anayejivunia asilimia 60 kwetu, kule angerudi nyumbani. Sababu yao ni wazi. Katika jeografia, ukikosa ulizo moja juu ya mito, hakuna anayekufa.

Maulizo yanatoka katika vitabu vitatu: kitabu cha sheria za barabara kinachoitwa The Highway Code, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1931, kitabu cha alama za barabarani, na kitabu cha ufundi wa kuendesha pikipiki. Wanauliza juu ya alama, nafasi ya kuachana na wa mbele, mvua na upepo, mataira, mizigo, pombe, na namna ya kusaidia mutu aliyeanguka. Zamani mutu aliweza kusikiliza maulizo katika lugha nyingi za kigeni, lakini tangu Aprili 2014 ile ruhusa iliondolewa. Kwa hiyo Mukongomani aliyehamia kule anapaswa kwanza kujua Kiingereza vya kutosha. Tena anapaswa kugeuza kichwa chake, maana kule wanapita kushoto, sawa Uganda, Tanzania na Zambia, lakini sisi tunapita kuume pamoja na Rwanda na Burundi. Wanaovuka Kasindi ao Kasumbalesa wanajua namna macho yanavyochanganyikiwa siku ya kwanza: unatazama kwa bidii upande ambako hakuna kitu kinachokuja.

Kwa hii nusu hakuna siri. Ni kusoma. Tunashauri tu jambo moja ambalo linafaa kwa mitihani yote: usishike jibu, shika sababu. Kwa mufano, kitabu chao kinasema kwamba ukienda kilometa 48 kwa saa juu ya lami kavu, utahitaji metre 23 ili usimame. Mwanafunzi mumoja atakariri 23, kesho atasahau. Mwingine atauliza: kwa nini 23? Ataambiwa: metre 9 zinapita wakati unapofikiri, mbele mukono haujafinya freni, na metre 14 ni freni yenyewe. Metre 9 ni karibu urefu wa kalasi moja. Yaani unaivuka kalasi nzima ungali unafikiri! Sasa zidisha vitesi mara mbili, kilometa 96. Metre za kufikiri zinakuwa 18, mara mbili, sawa. Lakini metre za freni hazikuwi 28. Zinakuwa 55, karibu mara nne. Wa kalasi za sayansi watatambua: nguvu ya kitu kinachotembea inakua kwa karé ya vitesi. Jumla ni metre 73. Na kukinyesha, wanasema nafasi ya kuachana na wa mbele izidishwe angalau mara mbili. Juu ya changarawe na matope yetu hatukukuta hesabu iliyoandikwa, lakini kila mutu aliyefunga freni katika mutelemko wa matope amekwisha kuandika hesabu yake juu ya magoti.

Sasa nusu ya pili. Iliongezwa mwezi wa Novemba 2002. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1996, kulikuwa maulizo tu. Wakubwa wa kule walikuwa wameona kwamba vijana wapya walijua sheria vizuri na bado waliingia katika aksida. Watafiti waliwalinganisha na waendeshaji wa miaka mingi, wakakuta kwamba tofauti kubwa haikuwa katika mikono. Ilikuwa katika macho. Wote wawili wanatazama barabara moja, lakini mwenye mazoezi anaona hatari mbele haijakuwa hatari, na mupya anaiona wakati imekwisha kumsimamia mbele.

Mutihani unafanyika hivi. Unakaa mbele ya ordinatere. Wanakuonyesha filamu 14, kila moja karibu dakika moja. Unaona barabara sawa ni wewe unayeendesha. Tangu mwaka 2015 ni picha zilizotengenezwa kwa mashini, kusudi waweze kuweka mvua, usiku ao ukungu. Katika filamu 13 kuna hatari moja inayoanza, na katika filamu moja kuna mbili, lakini hawakuambii ni filamu gani. Wewe uko na kifaa cha mukononi. Ukiona hatari inaanza, unafinya. Ukifinya mapema wakati inapoanza, unapata pointi 5. Ukichelewa kidogo, 4, tena kidogo, 3, mpaka sifuri. Hatari zote ni 15, pointi zote ni 75, na unapaswa kupata 44. Filamu ikipita, hairudi. Ukipita nusu moja na kuanguka nyingine, umeanguka zote. Utangoja angalau siku 3 za kazi, ulipe tena, na kuanza tena.

Sasa utasema: "Basi nitafinya finya kila wakati, hawatanikamata." Walikwisha kufikiri juu yako. Ukifinya bila kupumzika, ao kwa mupigo mumoja sawa mutu anayepiga ngoma, mashini inatambua, na kwa ile filamu yote unapata sifuri. Lakini kufinya mara moja mahali ambapo hapakuwa kitu hakuondoi pointi. Kuna jambo lingine la kushangaza: mutu mwerevu sana anaweza kufinya mapema mno, mbele wakubwa hawajahesabu kwamba hatari imeanza, na asipate kitu. Kwa sababu hiyo wafundishaji wa kule wanashauri kufinya unapoona jambo linaanza, na kufinya tena mara moja kisha kitambo kidogo, kama jambo linazidi. Hiyo ni ujanja wa mutihani. Barabarani haina maana. Tunaisema kwa sababu tuliulizwa.

Neno kubwa la kuelewa ni hili: kuna hatari inayolala na hatari inayoamka. Ni sisi tumeita hivyo. Wao wanatumia maneno marefu. Mufano wao wenyewe ni huu: motokari imesimama kando ya barabara. Inalala. Huwezi kufunga freni kwa kila motokari iliyosimama, hautafika. Lakini unapokaribia, taa yake ya kugeuka inaanza kuwaka, halafu gurudumu linatembea. Imeamka! Sasa inakulazimisha kupunguza mbio ao kubadili njia, na ni hapo pointi zinapohesabiwa. Mutu mupya anaona motokari mbili tofauti: ile iliyosimama, ambayo haimhusu, na ile iliyomtokea "ghafula". Mwenye mazoezi anaona motokari moja ambayo tangu metre 60 alikuwa anaiwekea jicho.

Tunaposikia habari za aksida katika muji, karibu kila mara neno "ghafula" liko ndani. "Mutoto alitokea ghafula." "Mbuzi iliruka ghafula." Tunauliza kwa heshima: ni mutoto gani anayetoka katika hewa? Alikuwa pahali fulani sekunde 2 zilizopita. Alikuwa nyuma ya bisi, ao karibu na mupira, ao mukononi mwa mama. Kwa kilometa 50 kwa saa, pikipiki inapita metre 14 kila sekunde. Sekunde 2 ni metre 28. Turudi kwa ile hesabu ya kitabu chao: metre 23 za kusimama. Aliyeona hatari ikiamka, sekunde 2 mbele yake, anasimama na inabaki metre 5. Aliyeiona sekunde moja kisha, amebaki na metre 14, na freni yake bado haijaanza kushika vizuri. Wote wawili wana pikipiki moja, freni moja, mikono sawa.

Je, kuna faida gani iliyoonekana kule? Mwaka 2008 ulitoka uchunguzi mukubwa juu ya waendeshaji wapya wa motokari. Ulionyesha kwamba, kwa wale waliopita mutihani wa filamu, aina fulani ya aksida, zile za barabarani zisizo za mwendo mudogo ambamo mwendeshaji mwenyewe alikubali kuwa na sehemu ya kosa, zilipungua karibu asilimia 11 katika mwaka wao wa kwanza. Si muujiza. Lakini ni watu waliorudi nyumbani.

Hatutaki kusifu kila kitu cha kule. Mutu anakaa juu ya kiti, pahali pakavu, hakuna vumbi la kamio linalomjaza macho, hakuna kliya nyuma anayemwambia "pita, pita, nimechelewa". Filamu inauliza kama umeona. Haiulizi utafanya nini. Ni kwa hiyo nyuma ya ordinatere kuna mitihani mingine miwili juu ya pikipiki yenyewe. Ule wa kwanza unafanyika katika kiwanja kilichofungwa. Humo unapaswa kufikisha kilometa 50 kwa saa na kufunga freni kwa nguvu pasipo kuanguka, tena kwa mbio ileile kukwepa kitu na kusimama. Wa pili unafanyika barabarani, mutahini anakufwata nyuma na kuzungumuza nawe kwa redio. Wanatazama pia kama unageuza kichwa kutazama juu ya bega mbele ya kugeuka ao kuhama njia. Vioo havionyeshi yote. Wao wanaita ule mutazamo jina linalomaanisha "wa kuokoa maisha". Hapa kwetu, pikipiki nyingi vioo vimekwisha kutolewa ili kupita kwa urahisi katikati ya motokari. Basi shingo ndiyo iliyobaki.

Sisi nasi tuko na sheria yetu: Code de la route ya tarehe 30 Agosti 1978, loi n° 78-022. Anayetaka permi aitafute, aisome namna anavyosoma kwa Examen d'État. Asichukue vitabu vya Waingereza na kufwata kila mustari. Kwa mufano, kwenye njia panda pasipo kibao, sisi tumefundishwa kumuachia anayetoka kuume, lakini kule hakuna mwenye haki ya kwanza, kila mutu anakwenda kwa uangalifu. Alama zenyewe tungependa kuzichora hapa, lakini mashini yetu inatoa wino kwa maneno tu, na hata maneno si kila ukurasa.

Zoezi la macho halihitaji ordinatere. Polisi wa Uingereza wanaojifunza kuendesha wanafundishwa kusema kwa sauti kila kitu wanachoona mbele, na kile wanachofikiri kitatokea. Tulijaribu hii kwenye ukuta wa masomo, wawili wawili, tukitazama barabara kwa dakika 10. Mumoja anasema, mwingine anasikiliza na kuhesabu aliyoyaacha. Inakwenda hivi: "Kinga kuume, inalala. Mama na beseni, analala. Bisi inasimama, mulango unafunguka, inaamka. Mutoto ameacha mukono wa mama, anaamka! Mbwa, analala." Dakika mbili za kwanza watu wanacheka. Kisha wananyamaza, kwa sababu wanaona namna wanavyochelewa. Wengi wetu tulikuwa tunataja kitu wakati kimekwisha kufika katikati ya barabara. Siku ya tatu ilikuwa afazali. Unaweza kufanya vilevile ukikaa ndani ya bisi ao nyuma ya kamio. Nyuma ya motari ufanye kwa moyo tu, usimpigie kelele katika sikio.

Kuna vitu ambavyo filamu za Uingereza hazitakuonyesha, kwa hiyo tuliviandika wenyewe. Dimbwi la maji ni shimo mpaka uone kwamba si shimo. Taa moja usiku inaweza kuwa pikipiki, inaweza pia kuwa kamio iliyopoteza taa moja, na haujui ni upande gani. Vumbi la kamio ni ukuta: anayepita ndani yake kusudi aitangulie hana filamu hata moja. Mutu wa chukudu katika mutelemko hawezi kusimama, wewe njo unaweza. Na saa ya kengele ya mwisho, mbele ya kila masomo ya muji, hatari zote zinaamka pamoja.

Basi, kwa kuwa hatuna filamu, hizi ni filamu nne za karatasi. Wewe unaendesha pikipiki, unapita kuume, unakwenda kilometa 40 kwa saa. Soma, tafuta wakati gani hatari inaamka, halafu ndipo usome majibu.

Ya kwanza. Mbele yako kuume taxi-bisi imesimama. Konvwayere anaita watu. Mulango wake uko upande wa majani. Chini ya bisi, katikati ya magurudumu, unaona miguu ya watu wanne, watano.

Ya pili. Mbuzi moja inavuka kutoka kushoto, polepole, inafika kuume na kuanza kula. Barabara iko wazi. Majani ya kushoto ni marefu.

Ya tatu. Mutelemko. Mbele yako kinga yenye magunia mawili ya makala inashuka kwa mbio kando kabisa ya barabara. Mbele ya kinga, metre 20, kuna dimbwi. Hakuna anayekuja mbele.

Ya ine. Motokari inakuja mbele yako katika upande wake. Shofere anapunguza mbio karibu na njia ndogo iliyo kushoto kwake, yaani kuume kwako. Taa ya kugeuka haiwaki. Anakutazama usoni.

Majibu.

Bisi: si wakati konvwayere anapita kwa mulango, na si wakati bisi inawasha taa. Ni wakati miguu miwili kati ya ile inaacha mingine na kuelekea mbele ya bisi. Mutu aliyeshuka anataka kuvuka, na bisi inamficha kabisa. Asiyetazama chini ya bisi ataona kichwa chake tu, kimechelewa.

Mbuzi: ilipovuka ile ya kwanza, hatari haikuisha. Mbuzi haitembei peke yake. Majani ya kushoto yakitikisika, imeamka. Wengi walisema "hakuna hatari, imekwisha kupita". Walipata sifuri.

Kinga: watu wengi wanajibu "dimbwi". Dimbwi halitembei. Hatari ni mwenye kinga, ambaye hataki kutumbukia na makala yake, tena hawezi kusimama, tena hawezi kugeuza kichwa kukutazama. Atakwenda kushoto, mbele yako. Imeamka tangu ulipoona kinga na dimbwi viko katika mustari mumoja. Aliyeanza kuitangulia hapo alianza vibaya.

Motokari: ni ileile aksida ya Los Angeles. Atakata kushoto, atakufungia njia. Taa yake usiingoje. Uso wake usiuamini, maana macho yanaweza kukuelekea na yasione pikipiki. Shofere anatafuta motokari, hakutafuta wewe. Tazama gurudumu lake la mbele. Likianza kugeuka, hata kidogo, imeamka, na wakati ule vidole vyako viwe vimekwisha kuwa juu ya freni, si juu ya honi.